Filamu Isiyokuwa na Ngumi

Mwalimu Varghese alishuka Wete na masanduku mawili:
moja la vitabu vya fizikia,
moja la kanda za video, zimefungwa ndani ya kikoi cha kwao.
Yeye akapewa nyumba ya skuli, Utaani,
na sisi tukapewa, Ijumaa moja baada ya isha,
filamu isiyokuwa na ngumi.

Tulizowea za Bombei, wewe:
mtu anapigwa risasi tatu, anaimba beti nne,
mama kipofu anamjua mwanawe kwa harufu ya jasho.
Hii ya Kimalayalam ilianza kwa mvua.
Mvua, tena mvua, na mzee mmoja barazani kwake
anashona mwamvuli wa mtu.
Dakika kumi. Anashona.
Hamad Chuma akauliza, "Huyu ndiye staa?"
akatoka, wenzake nyuma, champali zikilia kizingitini.

Tukabaki wa mkekani: mama yangu Mize, Bikame wa jirani,
mimi nna miaka kumi na miwili,
na sinia la karafuu, tunachambua vikonyo.

Mwalimu akitufasiria kwa Kiswahili chake cha ubaoni:
"Anasema, mtoto wake kike amekwenda na mwanamume.
Anasema, barua yake hataki."
Na kweli barua ikaja. Mzee akaipokea,
akaiweka chini ya kopo la mafuta ya cherehani,
mafuta yakachuruzika, yakala anwani.
Uso wake haukufanya kitu.
Nataka mnielewe hapa: haukufanya kitu,
ila chini ya sikio la kushoto, ngozi inapoungana na taya,
palitikisika kama mfuniko wa chungu ambacho bado hakijachemka.
Mama karafuu zikamsimama mkononi.

Sijui ilikuwa saa ngapi mwalimu aliponyamaza.
Hakuna aliyemwambia, "Endelea."
Miaka tisa ikapita kwenye kioo cha inchi kumi na nne,
ikapita kwa mgongo wa mtu tu:
mgongo uliokuwa ukiinama juu ya mwamvuli
ukaanza kuinama bila ya mwamvuli.

Halafu mlango. Binti, karowa, na mtoto mkononi.
Mzee hakusimama. Hakulia. Hakumpiga.
Alimsogezea kigoda kwa mguu,
akaingia jikoni, akarudi na uji wa mchele bakulini,
akamtazama anavyokunywa.
Midomo ikafunguka, ikafunga. Ikafunguka, ikafunga.
Mara ya tatu ikatoa maneno mawili.

Bikame akajifuta kwa pindo la kanga.
Mama akasema, "Keshamtaka radhi."
Na sote tukajua ndivyo.
Mwalimu alikuwa kajigeuza, anaangalia dirishani,
na dirisha limefungwa.
Hapo umeme ukakatika, umeme wa Pemba haujui adabu.
Mwisho hatukuuona.
Tulikaa gizani na harufu ya karafuu,
hakuna aliyetaka kuwasha kibatari.

Mwalimu alirudi kwao. Kanda ililiwa na kuvu.
Mama tumemzika. Juzi mwanangu Asaa,
ambaye tangu alipooa hatuna mengi,
kaniletea filamu ile ile ndani ya simu,
na tafsiri chini, ya Kiingereza, herufi za manjano.
Nikaungoja mlango. Nikakingoja kigoda.
Midomo, mara moja, mara mbili,
nikasoma alichosema:

"Chumvi imetosha?"

Basi. Miaka thelathini na moja nimebeba radhi
ambayo haikutamkwa.

Nikarudisha nyuma. Nikaziba maandishi kwa kidole gumba,
na yule mzee akaomba radhi.
Nikaondoa kidole, akauliza chumvi.
Nikaziba tena. Wallahi aliomba.
Mwandishi alimpa chumvi tu.
Hilo jengine kalitoa yeye, sijui wapi,
labda pale chini ya sikio.

Asaa kasimama mlangoni, funguo mkononi,
anauliza, "Inahusu nini, mama?"

Kaa, nikamwambia.
Umeshakula?